Nimelipa hela nikakande unga

Mama yangu yuko Tanga, na siku nilipompigia kumwambia likizo hii siji nyumbani, naenda Italia kujifunza kupika, alikaa kimya mpaka nikadhani bando limekata, afu akauliza swali moja tu: "Unalipa wewe au wanakulipa wao?" Nikamwambia nalipa mimi mama. Akasema haya, akampa shangazi simu.

Swali lake lilinikaa kichwani njia nzima, kwenye ile treni ya kutoka Munich kwenda Bologna inayokatiza milimani Brenner, unakaa mpaka mgongo unalalamika. Maana mimi kupika najua. Nimezaliwa nyumba ya watoto wa kike wanne, chapati nilianza kusukuma hata meza sijaifikia. Huku Ujerumani nahudumia wazee, mwaka wa 9 sasa, na miaka yote hiyo likizo yangu ni ile ile, mabegi mawili ya kilo 23 kwenda kugawa nyumbani, narudi mkono mtupu na mafua. Mwaka huu zamu yangu ya mchezo iliangukia mwezi wa nne, nikapokea hela yangu nikasema hii haina shangazi wala haina bati. Siku 5 shambani, mimi na roho yangu, napika nakula nalala.

Watu wengi wakisikia shamba la Italia wanawaza Toscana, ile miti myembamba iliyosimama kama mishumaa. Mimi nikachagua Romagna, kwanza kwa sababu ya bei, tusidanganyane, pili kwa sababu sikutaka sehemu ambayo kila mtu kashaipiga picha. Romagna ni ule upande wa mashariki wa mkoa wa Emilia-Romagna, unashuka mpaka baharini kwa Rimini. Mkoa mmoja ila usije ukawachanganya watu wake, ni kama kumwita Mpemba Muunguja, atakujibu kwa adabu lakini umeshaharibu.

Bologna nililala usiku mmoja tu. Hapo nikajifunza kwamba kuna watu duniani wamepeleka upana wa tambi serikalini. Sio utani. Mwaka 1972 kipimo cha tagliatelle kiliandikishwa kwenye chemba ya biashara ya mji, na wanatunza pale utepe mmoja wa dhahabu kama mfano. Tagliatella ikishaiva iwe milimita 8, na wameipigia hesabu kwamba ni sehemu moja ya 12,270 ya urefu wa mnara wao wa Asinelli. Nilicheka peke yangu barabarani. Afu nikakumbuka ugomvi wa pilau ya Tanga na pilau ya Mombasa nikanyamaza.

Kutoka Bologna unashuka Faenza, unabadilisha, unapanda katreni kadogo kanakokwenda Firenze kwa kupita milimani, na haichukui hata robo saa uko Brisighella. Ni kimji chini ya vilima vitatu vilivyochongoka, kimoja kina mnara wa saa, kimoja ngome, kimoja kanisa. Kuna kichochoro kimepita juu kwa juu ndani ya nyumba, kina paa na matao, kinaitwa njia ya punda, maana zamani punda walikuwa wanapita humo wakibeba jasi kutoka machimboni. Watu wa Lamu wangejisikia nyumbani. Ila vilima vyenyewe vina makovu. Mei 2023 zilipiga mvua mkoa ule mpaka mito ikafurika na watu 17 wakafariki, na huku juu ardhi ikaporomoka, sasa unaona mistari ya mizabibu inakuja vizuuri afu inakatika ghafla, chini yake udongo mtupu. Mwenyeji wetu alituonyesha kwa kidole bila kusema kitu, akaongeza mwendo wa gari.

Nyumba za namna hii wanaziita agriturismo, na sio hoteli iliyochora ng'ombe ukutani. Zilipata sheria yake mwaka 1985, na sheria inataka kilimo kibaki ndio kazi kuu, wageni wawe nyongeza. Kwetu kulikuwa na mizeituni, mizabibu, kuku wengi wasio na heshima, na mbwa mzee. Wageni tulikuwa 6: mume na mke kutoka Uholanzi, dada wawili wa Kidenmaki, mzee mmoja Muingereza aliyefiwa na mkewe na hajui kukaanga yai (alisema mwenyewe, siku ya kwanza, mezani), na mimi.

Usiku wa kwanza nikapata mtihani. Kwenye ile tovuti niliyolipia nilikuwa nimeandika mara tatu, sili nguruwe, sinywi pombe, nyama yoyote mniache. Si ikaletwa sinia ya kitimoto ya kila aina, nyembamba, ya pinki, imepangwa kama maua, afu kila mtu ananiangalia mimi. Ujumbe haukufika. Hapo ndipo alipotoka jikoni mwanamke wa miaka 78, mfupi, kifua mbele, akamsikiliza mkwe wake anavyotafsiri, akachukua sahani yangu bila kuuliza la pili akarudi na mkate mwembamba wa moto, jibini laini inayotaka kukimbia kwenye sahani (squacquerone, jina lenyewe linamwagika), na tini zilizopikwa na sukari. Kuanzia hapo mpaka naondoka hakuna sufuria iliyopita mbele yangu bila yeye kunitikisia kidole: hii hapana, hii ndio.

Kwa lugha yao mwanamke anayeshika nyumba anaitwa azdora. Mwenye funguo, mwenye kujua unga umebaki kiasi gani, mwenye kuamua nani anakula paja la kuku. Nikasema huyu mbona namjua. Huyu ni Bi Mkubwa. Na ndivyo nitakavyomwita humu.

Basi asubuhi tukaanza sfoglia, yaani lile shuka la unga wa mayai ambalo ndio mama wa tambi zao zote. Hesabu yake fupi, gramu 100 za unga kwa yai moja, basi, hakuna maji, hakuna mafuta, chumvi yenyewe hakuweka. Unamwaga unga juu ya ubao unachimba shimo katikati kama volkano unavunja mayai humo. Viini vya kule vina rangi ya machungwa iliyokolea, shuka lenyewe linakuja manjano kama limetiwa bizari. Unakanda dakika kama 15 mpaka unga unakuwa laini kama ndewe ya sikio, unaufunika, unauacha nusu saa upumzike. Mpaka hapo nilikuwa nyota wa darasa. Mholanzi mikono imemganda unga kama kavaa glavu, Muingereza volkano yake imepasuka mayai yanakimbilia sakafuni na mbwa anashukuru, mimi donge langu liko pale linang'aa. Bi Mkubwa akalibonyeza kwa kidole gumba, likarudi juu lenyewe, akasema "brava". Nikajiona.

Afu akaleta mti wa kusukumia. Jamani. Ule wetu wa chapati ni kalamu. Huu ulikuwa karibu urefu wa mkono wangu na bega, na ubao wake unafunika meza nzima, mbao tupu haina rangi haina vanishi, maana ile mikwaruzo ya mbao ndiyo inayofanya tambi iwe na ngozi ya kushika mchuzi. Sisi chapati unasukuma unazungusha, unasukuma unazungusha. Yeye anasukuma kidogo, afu anaviringisha ukingo wa unga kwenye ule mti kama mtu anayekunja mkeka, na wakati anaviringisha viganja vyake vinatoka katikati vinaelekea pembeni, vinavuta, trrr, anafungua, anageuza robo, anaviringisha tena. Kila akifungua shuka limekua. Dakika kumi hivi mayai 6 yakawa shuka la karibu mita nzima, limening'inia ukingoni mwa meza, analikandamiza kwa tumbo lisiteleze. Akalinyanyua akaliweka mbele ya dirisha, nikaona kilima na mnara wa saa vinapita upande wa pili. Watu wa Bologna wanasema sfoglia nzuri unaonea kanisa la San Luca, yeye akasema San Luca yuko mbali, mimi naonea saa.

Zamu yangu ikafika nikalitoboa. Mara ya kwanza tundu la shilingi, nikalibana kwa vidole kama ninavyofanya kwenye chapati, Bi Mkubwa akanipiga kofi dogo la mkono. Haibanwi hivo. Unakata kipande pembeni unakibandika juu na ncha ya maji unapitisha mti mara moja. Mara ya pili likachanika kutoka huku mpaka kule, mlio wake kama kanga inayochanwa. Shida yangu ni kwamba nilikuwa nabonyeza. Chapati inataka nguvu ya chini, sfoglia haitaki kubonyezwa inataka kuvutwa, na mikono yangu ina miaka 30 ya kubonyeza. Muingereza asiyejua kukaanga yai, kwa kuwa hana cha kusahau, akatoa shuka bovu lakini zima. Nilimpongeza kwa uso tu.

Jioni yake ndio nikaja kuelewa niko wapi. Tumekaa nje tunachambua mboga za majani, mkwe anatafsiri, nikamuuliza Bi Mkubwa alijifunza lini sfoglia, akasema alikuwa na miaka 7 ila ya mayai walikuwa wanakula sikukuu. Nikashangaa, kuku si mlikuwa nao? Akacheka. Kuku walikuwepo, mayai yalikuwa na mwenyewe. Baba yake alikuwa mkulima wa nusu kwa nusu, wenyewe wanaita mezzadria: ardhi na nyumba ni za tajiri wa mjini, familia inalima, mavuno yanagawanywa mara mbili. Na juu ya nusu hiyo kulikuwa na zawadi za lazima, mayai kadhaa Pasaka, jogoo aliyehasiwa Krismasi, anapelekewa bwana mlangoni kwake. Sheria ya mwaka 1964 ilipiga marufuku mikataba mipya ya namna hiyo, na ya 1982 ikaanza kuigeuza iliyobaki iwe ya kukodi. Yaani haya sio mambo ya kale, yapo ndani ya umri wa mtu ninayechambua nae spinachi. Mama yake alikuwa anahesabu mayai kila jioni, na akipungua moja wanajipanga mstari watoto wote wanafunguliwa mdomo wanuswe.

Kuanzia pale kila chakula tulichofundishwa nikawa nakisoma upya. Kesho yake tukapika strozzapreti, tambi za unga na maji tu, unakata utepe unausokota kati ya viganja viwili kama unapangusa mikono, unakata, unasokota. Jina lake maana yake ni "vikaba-padri". Romagna ilitawaliwa na Papa mamia ya miaka, mpaka kwenye 1859 na 1860, na hadithi za hilo jina ziko nyingi: wengine wanasema padri alikuwa anakula kwa pupa mpaka anapaliwa, wengine kwamba wanawake wakisokota unga usio na yai huku wanajua mayai yameishia wapi, walikuwa wanamuombea yamkabe. Bi Mkubwa anaenda kanisani kila Jumapili na hadithi anayoipenda ni hiyo ya pili.

Passatelli nazo: mkate mkavu wa juzi uliosagwa, jibini ya Parmigiano iliyokunwa, yai, ganda la limau na kungumanga, unabonyeza kwenye chuma chenye matundu vidole vya unga vinadondokea kwenye supu. Alipotoa ile kungumanga nikaruka. Kopo dogo la bati, kokwa mbili, anaikuna kwa kisu. Nikamwambia hii inaota kwetu, nimeiona mtini Zanzibar, ndani ya tunda lake ina neti nyekundu. Hakuniamini. Nikamuonyesha picha kwenye simu, akaiangalia sana, akaita mtoto wake wa kiume aje aone, akaita na jirani. Miaka 70 anaikuna hajawahi kuona ilivyovaa. Supu yangu, kwa vile ya kwao ilikuwa ya kuku, alinitengenezea ya mboga na maganda magumu ya Parmigiano, yale ambayo mimi Munich huwa natupa, na nikikumbuka bei yake huwa naumwa tumbo.

Afu kuna kitu kinaitwa spoja lorda, "shuka chafu". Umetengeneza cappelletti, vile vikofia vya unga (kwa upande wao vinajazwa jibini tupu, alhamdulillah), sasa jibini ya kujazia imebaki kidogo. Unaipaka kwenye kipande cha shuka, unafunika na kingine, unakata vijimraba vidogo kama stempu, supuni. Hakuna kilichotupwa. Na piadina, ule mkate mwembamba wa siku ya kwanza, ulikuwa mkate wa asiyekuwa na mkate. Tangu 2014 una muhuri wa Umoja wa Ulaya unaolinda jina lake, Rimini wanaupika mwembamba, Ravenna na Forlì mnene, na wa asili unakandwa na mafuta ya nguruwe. Wangu ulikandwa na mafuta ya zeituni za pale pale. Hapa sasa nililipiza kisasi. Unga, chumvi, maji, mafuta, madonge, duara, kikaango cha moto bila mafuta juu, hii si chapati ya maji ya moto tu jamani? Nikasukuma madonge 12 wakati Wadenmaki wako la pili, yote duara, nageuza kwa vidole bila kijiko. Bi Mkubwa akavuta kiti akakaa. Mara ya kwanza namuona amekaa jikoni.

Siku ya 4 tulipelekwa Forlimpopoli, alikozaliwa Pellegrino Artusi mwaka 1820, yule aliyechapisha kwa hela yake mwenyewe, 1891, kitabu cha mapishi kilichoingia kila nyumba ya Italia. Pana nyumba ya mapishi kwa jina lake, ina maktaba na shule. Mimi kilichonishika ni kingine. Januari 1851 genge la majambazi la yule waliyemuita Passatore liliteka mji ule, wakavamia ukumbi wa maonyesho ambako wakubwa wote walikuwa wamekaa wanatazama mchezo, wakawachukua mmoja mmoja wakawafungulishe milango ya nyumba zao. Nyumba ya Artusi ikaingiliwa, dada yake mmoja akili haikurudi tena baada ya usiku ule, na familia ikahamia Firenze. Huyo mtu aliandika mapishi ya kwao akiwa kwa watu. Mimi ninayepika mchuzi wa nazi ghorofa ya 4 Munich na madirisha nimefunga majirani wasigonge, nilisimama kidogo mbele ya picha yake na ndevu zake zile.

Usiku wa mwisho kila mgeni apike kitu cha kwao. Nikasema tambi. Wakafurahi, wakidhani nimefuzu. Nilikuwa natembea na hiliki kwenye pochi kama kawaida, tui la kopo nililipata duka la Wabangladeshi kule Faenza, zabibu kavu zilikuwepo. Nikachukua spageti nikazivunja. Mtandaoni wanasema ukivunja spageti Mtaliano anazimia, Bi Mkubwa hata hakupepesa, kumbe na wao wanazivunjia watoto kwenye supu. Alichoshtuka ni nilipozimwaga mbichi kwenye mafuta ya moto. "Ma no!" Alinishika mkono kabisa. Nikamwambia subiri. Zikabadilika rangi, zikawa kahawia, nikatia tui, sukari, hiliki, zabibu, nikafunika moto mdogo. Ile harufu ilipoanza kupanda akasogea akanusa akaniuliza ile punje ni nini, hiliki hakuwahi kuijua.

Nilijiandaa kueleza mambo ya tambi na sukari. Sikuhitaji. Akala kijiko, akala cha pili, akasema mama yake alikuwa anapika keki ya tagliatelle na lozi na sukari, harusini, mayai yakipatikana. Akaenda kwa Muingereza wetu na sufuria mkononi akamkwangulia ukoko, yeye mwenyewe akajibakizia wa pembeni.

Mkitaka kwenda: nendeni mwezi wa 5 au wa 9, Agosti joto kali na Waitalia wenyewe wote wako baharini. Mimi kwa siku 5, kulala, kula na masomo, nililipa yuro 900 na kitu, treni mbali. Na kama una masharti ya chakula usiiamini tovuti, piga simu shambani moja kwa moja.

Nimerudi na ule mti, nimeubeba kwenye treni umetokeza juu ya begi watu wananipisha. Ubao wa ukubwa ule sina, nasukumia kwenye meza ya kulia na wiki iliyopita nimetoa shuka la mayai mawili halina hata tundu, nikaliweka dirishani nikaonea kituo cha basi. Nikampigia picha mama. Nikamtumia na voisi ndefu ya WhatsApp ya kumueleza yote, mayai ya tajiri, jogoo wa Krismasi, vikaba-padri, watoto kunuswa midomo, kungumanga, kila kitu. Baada ya saa mbili akajibu.

"Sawa mwanangu nimesikia. Na hao mapadri, walikabwa kweli au jina tu?"